Neno Nililomwambia Karani

Hospitali walinipa mfuko wa plastiki, wameufunga fundo juu. Ndani mlikuwa na kanga mbili, tasbihi, miwani ambayo mguu wake mmoja umefungwa uzi, na kadi yake ya ukaazi. Nilikaa kitandani kwangu hapa Rashidiya, Dubai, nikafungua fundo, harufu ya uwatu ikanipanda puani. Kila Alkhamisi alikuwa akisaga uwatu, akiuchanganya na mafuta ya nazi, akajipaka yeye na akanipaka mimi, tangu kichwa changu kinaenea katika mapaja yake. Nikalifunga fundo tena upesi, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanavaa.

Kadi niliitoa. Ina picha yake, ina jina lake, Mwajuma, na chini ya jina imeandikwa kazi yake: khadima, yaani mtumishi wa nyumbani. Chini zaidi lipo jina la kafeel, yule mdhamini wake, naye ni mwanangu Nasor.

Mwajuma ni mama yangu mzazi. Mimi ndiye niliyemwandikisha utumishi, kwa mdomo wangu, wakati meno ya mbele yameng'oka, mapya hayajaota. Nawaandikia nyinyi wa rika langu mliokuja huku wadogo. Skuli sikukaa sana, mtanisamehe mwandiko. Lakini nyinyi mnajua majina yetu ya huku yalivyopatikana, na mnajua kuwa si kila nyumba imeandikwa watu wake wote.

Nianzie Unguja, maana neno lenyewe nililiokota huko. Baba alikuwa na wake wawili katika nyumba moja. Mke wa kwanza tulimwita Bi Mkubwa, Mwarabu mwenziwe, hakujaaliwa kuzaa. Mke wa pili ndiye Mama, mtu wa Makunduchi, mweusi, mrefu, akicheka mabega yote yanacheka. Mtoto nilikuwa mmoja tu. Bi Mkubwa akinisomesha na kunivisha, Mama akinilisha na kunilaza, na mimi sikuona tabu yoyote katika hilo.

Kisha ukaja ule mwaka ambao sisi hatuna haja ya kuutaja. Asubuhi moja walisimama watu watatu mlangoni, mmoja ameshika karatasi. Akasoma majina ya wanaume wa mtaa wetu. La Baba lilikuwa la nne. Baba aliingia ndani kutafuta viatu, akakiona kimoja, cha pili hakukiona, akatoka hivyo hivyo. Mpishi wetu alikuwa amesimama uani na kisu cha vitunguu mkononi. Mwenye karatasi akamnyooshea kidole, akauliza huyu naye nani. Baba akasema, "Huyo mtumishi tu." Mpishi akaambiwa abaki, akabaki. Baba hakurudi. Kile kiatu cha pili kilionekana baadaye chini ya kabati, na Mama alikuwa akikifuta vumbi kila asubuhi kama mwenyewe yuko msikitini.

Mtoto hapewi maelezo, hujitafutia. Mimi nilijifunza mambo mawili siku ile, na sikumwuliza mtu kama ni kweli. La kwanza, anayeandikwa kwenye karatasi huchukuliwa. La pili, mtumishi huachwa.

Ami Salum, ndugu yake Baba, alikuwa ameshatangulia Dubai, ana kiduka cha nguo Deira. Akatuita. Tukaja watatu: Bi Mkubwa, Mama na mimi. Msije mkafikiri ni Dubai hii ya leo. Tulikaa nyumba ya makuti ya mtende, mchanga mpaka ndani ya kitoweo, maji yanaletwa juu ya punda na muuzaji ana makeke kuliko punda wake. Joto la mwezi wa nane lilimfanya Bi Mkubwa amwage maji mkekani ndipo alale. Mama hakujua neno la Kiarabu. Bi Mkubwa alijua, ingawa watu wa huku walimcheka anavyokitamka. Mimi nilikiokota barabarani kwa watoto wenzangu, kichafu lakini kinapita. Baada ya miezi michache mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa nyumba. Nikitumwa dukani, nikitumwa kwa jirani, nikisimama kati ya pazia na mgeni kupeleka neno na kurudisha neno, maana wanawake wetu hawakutoka mbele ya wanaume wasiowajua.

Siku moja Ami akaja na habari. Karani anapita nyumba kwa nyumba kuandika watu. Akatuambia tumtaje kila mmoja, tena vizuri, kwani asiyeandikwa leo kesho hatakuwa na pa kusimama. Wakubwa walifurahi. Bi Mkubwa alifukiza udi, Mama akafagia mpaka barazani. Niliona wazimu umewaingia, wanafukiza udi kumngojea mtu mwenye karatasi.

Karani alikuja mchana, Ami yuko dukani. Alikuwa mzee mpole, amefunga kalamu yake kwa uzi shingoni ili isipotee. Akakaa kwenye mkeka nje, mimi nikasimama mlangoni, pazia mgongoni kwangu. Bi Mkubwa akaninong'oneza kwa nyuma niseme: yeye ni mke wa marehemu, Mama ni mke wa marehemu, na mimi binti wa marehemu. Akanirudishia tena maneno yale ili nisikosee.

Karani akaniuliza yumo nani ndani.

"Yumo mama yangu," nikasema.

Akataka jina. Nikataja jina la Bi Mkubwa.

Akauliza nani mwengine. Nilimwona Mama kwenye upenyo wa pazia, ameinama anapanga vikombe vya kahawa juu ya sinia, ndala moja imemtoka mguuni. Nikaona ile ndala iliyomtoka, nikakumbuka kiatu cha Baba.

"Yule khadima," nikasema. "Mtumishi tu."

Hiyo "tu" niliichukua kwa Baba kama ilivyo.

Kama mtauliza kwa nini nilimtoa Bi Mkubwa, jibu ni kwamba lazima mmoja awe mwenye nyumba, na nikipewa kuchagua wa kuchukuliwa nilijua nitamchagua nani. Mwenyewe sikuwa na hofu, watoto hawakuwa wakichukuliwa. Lakini karani hakuridhika. Akauliza jina la khadima. Sikujua kuwa hata mtumishi huandikwa. Alingoja kalamu iko juu, akanitazama kwa huruma, akidhani nimelisahau. Nikalitaja. Akaandika, akapuliza wino, akanywa kahawa aliyoiandaa mama yangu, akaondoka.

Bi Mkubwa alikohoa mara moja tu nyuma ya pazia. Kiarabu akikijua kuliko mimi. Kila neno alilisikia, na angeweza kusema kupitia pazia lile lile, neno moja tu, likafutwa palepale kabla wino haujakauka. Nimeishi naye miaka ishirini baada ya siku ile, nikamwuguza, nikamzika, hakuwahi kulitaja. Alipata mtoto siku ile. Mimi nilimpa.

Karatasi zilipotoka Ami alizisoma barazani, akazisoma tena. Akaniita, akaniuliza karani alizungumza na nani. Nikasema na mimi. Nilitaraji kipigo. Ami hakunipiga. Alivuta ndevu, akaingia ndani kwa Bi Mkubwa, wakazungumza kwa sauti ya chini muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshakata shauri. Cheti cha ndoa ya Mama kilibaki Unguja, hakuna aliyejua kipo wapi. Kurudi kwa karani kusema tulikosea ni kujitia machoni, na watu wa huku wakiuliza ukoo huuliza mpaka mwisho. Kwa jina la utumishi Mama alikuwa na karatasi na pa kukaa. Akilikataa hana hata hilo.

"Limeshaandikwa, khalas," Ami alisema. "Ndani ya nyumba yetu tunajuana."

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinuka. Akaniita, nikakaa mbele yake, akaendelea kutoa mawe.

"Nani kakufundisha kusema vile?"

"Hapana mtu."

"Basi umesema kwa nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Nikamwambia ya karatasi, ya mpishi, ya kiatu. Nikamwambia sikutaka wamchukue. Nilisema nikijua nimefanya jambo kubwa, na nilikuwa nangoja nisifiwe.

Mama aliliweka kando sinia la mchele. Kisha akanivuta, akanibana kichwa kifuani, uwatu na jasho, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Umeniokoa."

Nililiamini neno hilo mpaka nilipobaleghe. Nilitembea Deira kifua mbele. Watu wenye karatasi wamekuja, wamekwenda, na mama yangu yupo.

Nyinyi mnaojua mambo haya mnajua pia kuwa uwongo wa nyumbani haukai nyumbani. Kwanza nilimwita yaya mbele ya wageni tu. Siku moja mke wa jirani alikuwapo, nikajisahau nikamwita Mama aje anifunge kitufe. Mke wa jirani akageuza shingo. Mama akacheka, akamwambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kuwa mtoto huyu kila anayempa chakula humwita mama. Jioni akaniambia tusichezee, nimwite yaya wakati wote ili ulimi uzoee. Basi ulimi ukazoea. Akahamia chumba cha uani mwenyewe, hakuhamishwa na mtu. Wageni wakija akawa anakula baada yetu. Baadaye akawa anakula baada yetu hata wasipokuja wageni, na hakuna aliyemwambia hapana. Nami pia sikumwambia.

Niliolewa na mtu mwenye ukoo, kwa sababu nilikuwa binti wa Bi Mkubwa na kitabu cha familia kinasema hivyo. Bi Mkubwa alikaa mbele kupokea mikono ya watu. Mama alipita na sinia la sharubati. Alipofika kwangu alinipa gilasi, akanitengeneza mtandio, na kwa vile mikono yake ilikuwa na kazi hakuna aliyeuliza kwa nini inakawia kichwani kwangu. Nilimwambia ahsante, yaya. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Wakati ule nilishajua vyema nilichokifanya, kwa hiyo lile siwezi kulitupia utoto.

Akaja na mimi kwa mume wangu kama sehemu ya vyombo. Ukafeel ukahama kwa Ami ukenda kwa mume wangu, na mume wangu alipofariki ukenda kwa Nasor. Aliwabeba wanangu wote mgongoni, kisha wajukuu. Wakampenda, sisemi hawakumpenda. Kila Idi Nasor alimnunulia kitambaa kizuri kuliko changu. Na kila karatasi zake zilipokwisha muda alitia sahihi bila kulalamika, wenziwe wakimshangaa kwa nini haajiri kijana.

Mwaka aliougua walikuwa wanajenga reli ya juu hapa Rashidiya, vumbi usiseme, nguzo zinaota kama mahindi. Moyo wake ulichoka. Hospitali nesi alimwuliza, mimi nimekaa ubavuni pake nimemshika mkono, huyu ni nani wako. Nesi alitaka kujua tu kama akili ipo. Mama akanitazama. Nilijiambia sasa, hapa, hana tena cha kupoteza, atalisema. Akasema, "Madam." Nesi akaandika akili ipo.

Nesi alipotoka nilimwinamia nikamwita Mama. Miaka arubaini na kitu nilikuwa sijaliita. Aliufumba mkono wangu akatazama mlango kama umefungwa.

"Wewe usije ukaharibu," akaniambia. "Nimekaa kote huku kwa ajili ya nini?"

Hayo ndiyo ya mwisho niliyoyasikia kwake. Alfajiri ya pili walitupigia simu.

Ndani ya gari, njiani, nilimwambia mwanangu. Nilimwambia yote kama nilivyowaandikia nyinyi, bila kujipaka rangi. Nilimwambia nikifika pale nitasema mimi ni binti yake, na waandike hivyo, hata ikiwa ni karatasi ya maiti. Alisimamisha gari pembeni. Alilia juu ya usukani, mtu mzima mwenye ndevu, akasema amekuwa akimtilia sahihi bibi yake kama friji. Kisha akajifuta uso.

"Mama, nani mwengine anajua?"

"Mungu. Na sasa wewe."

"Wakifungua faili lake watafungua lako," akasema taratibu. "Wakifungua lako watafungua langu. Shamsa wangu na wadogo zake wamo humo humo. Uraia wetu, kazi yangu, nyumba ninayojenga Al Warqa, skuli zao. Mimi sikukatazi, Mama. Nakuuliza tu, yeye angetaka?"

Alijua jibu, na mimi nilikuwa nimeshalipata mkono kwa mkono siku moja kabla.

Kwenye dirisha la hospitali palikuwa na kijana mmoja, kanzu nyeupe, kalamu ya fedha. Kompyuta ilikuwa imeshamwambia kila kitu, alihitaji mdomo wa mtu kuhakikisha. Akauliza nina uhusiano gani na marehemu. Nasor alisimama nyuma yangu. Nilifungua kinywa. Neno nililitayarisha, lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Nikamwona yule karani mzee na kalamu yake ya uzi, anangoja.

"Khadima wetu," nikasema.

Kijana akabonyeza. Kisha akainua uso, akaniombea heri, akasema mabibi wa nyumba wanaokuja wenyewe kufuata mtumishi siku hizi ni wachache, wengi humtuma dereva.

Waliomwosha walikuwa wanawake wawili wa kwetu, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Tanga. Niliomba kuingia. Wakaniwekea kiti kwa adabu, wakaniambia kwa Kiarabu niketi tu, kazi hii ni yao. Nimevaa abaya, nimefunika uso, hawakujua nasikia Kiswahili. Walimwosha vizuri, Mungu awalipe, na walizungumza kama watu wanaofanya kazi yao.

"Mwangalie madam anavyolia," alisema wa Mombasa. "Wakishazeeka ndio waogopa Mungu hawa."

"Mikono hii, dada yangu. Tazama mikono hii. Huyu amefua mpaka kucha zimeisha."

"Sijui alikuwa na mtoto, maskini."

"Angekuwa na mtoto angekufa huku?"

Ningeweza kusema kwa Kiswahili. Ningeinuka nikachukua kata ya maji kutoka mkononi mwake, kwani ndiyo haki yangu, binti ndiye amwoshaye mama yake. Nilibaki kwenye kiti. Walipomaliza niliwapa sadaka, wakapokea kwa mikono miwili wakaniita mama, kwa heshima.

Nasor alishuka kaburini mwenyewe. Watu walimsifu kwa hilo pia.

Matanga hatukuweka, mtumishi hawekewi. Lakini majirani walisikia, na alasiri moja wanawake watatu wakaja kunipa pole, wakakaa kwenye makochi ya Nasor, Shamsa akawamiminia kahawa. Walimsema vizuri. Walikumbuka mandazi yake. Shamsa, ana miaka saba, naye ana pengo mbele, alinikaribia akaniuliza sikioni kwa nini namlilia yaya hivi wakati hata babu sikumlilia. Nikamwambia akaongeze tende.

Mkubwa wa wale watatu, mama mmoja mwema ninayekaa naye mlango kwa mlango tangu tuhamie, akanishika goti. Akasema nisijitie simanzi, siku hizi wanaletwa kutoka nchi nyingi, wasafi, wanajua kupika, haraka haraka nitapata mwengine aliye mzuri kama yeye.

Nikasema inshallah.